Fungate kisiwani: uliza maji na mwezi kabla ya kuuliza bei

Swali: Mzee, shikamoo. Mimi ni muuguzi Nzega, mchumba wangu ni mwalimu Urambo. Tunafunga ndoa Tabora mjini mwishoni mwa Agosti. Kamati imefunga hesabu na tumejitengea milioni nne za fungate ya wiki moja. Tunataka kisiwa, mahali pa kimya na pa mahaba, pasipo na muziki wa usiku kucha. Rafiki yangu anasema twende Nungwi. Kaka wa mchumba wangu anasema tukope kidogo tufike Maldives. Wote wawili hatujawahi kuiona bahari na hatujui kuogelea. Tuchague vipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na mwangaluka kwa wote hapo Nzega. Hongereni kwanza kwa kubakiwa na kitu baada ya kamati. Katika miaka niliyokaa kwenye meza yangu hapa Kigoma nikiwapangia watu safari, nimewaona maharusi wengi wakija kuuliza habari za fungate huku deni la ukumbi linawafuata kwenye simu.

Katika barua yako sentensi iliyonisaidia kuliko zote ni ile ya mwisho kabla ya swali lako, kwamba hamjui kuogelea. Watu wengi hunificha hilo, nalijua wakisharudi wamekasirika. Nitalirudia huko mbele, maana ndilo litakalochagua ufukwe wenu.

La Maldives tulimalize mapema, kwa sababu shemeji akishasema mbele ya watu ni vigumu kumpinga bila hesabu mkononi. Visiwa vile ni vizuri kweli, na kwa ukimya wana utaratibu ambao sisi hatuna: kisiwa kimoja, hoteli moja, hakuna kijiji wala barabara. Viza unagongewa uwanja wa ndege, ya siku 30, bila malipo. Mtego uko kwenye bei. Ukiona chumba kimeandikwa dola 300 na pembeni kuna alama mbili za kujumlisha, ujue safari ndiyo kwanza inaanza. Ongeza asilimia 10 ya huduma, inakuwa 330. Juu ya hiyo weka kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, inafika 386. Kisha kuna kodi ya mazingira, dola 12 kwa kila kichwa kwa kila usiku kwenye hoteli hizo kubwa. Mko wawili, kwa hiyo chumba cha dola 300 kimekuwa cha 410 na hata chai hamjanywa. Ndege ndogo inayotua majini kuwafikisha kisiwani ina nauli yake, na hairuki usiku. Mkitua Malé, mji mkuu wao, jioni mnalala huko kwa gharama zenu. Kukopa kwa ajili ya hayo ni kuanza ndoa na rejesho la kila mwezi. Mwambie shemeji nimesema mimi, lawama nitazibeba.

Shelisheli nako viza haihitajiki, unaomba tu kibali mtandaoni kabla ya kusafiri. Kuna kisiwa kinaitwa La Digue ambako watu huzunguka kwa baiskeli, mngejiona mko Tabora. Ila chakula na malazi ni ghali mno kwa milioni nne. Tubaki nyumbani.

Sasa tuongee kuhusu kimya, maana hapo ndipo watu hutapeliwa bila mtu yeyote kuwadanganya. Nyota za hoteli hazipimi kelele. Hoteli ya nyota tano yenye vyumba mia mbili ina bendi, ina mtu wa michezo ya bwawani mwenye kipaza sauti, ina watoto wa wageni wengine wanaoamka saa kumi na mbili. Mabanda nane ya makuti yanayoendeshwa na familia moja yatakupa usingizi ambao hoteli ile haina. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu huwa ni idadi ya vyumba, na vikizidi ishirini naanza kusita. La pili ni jirani: ni nani, na je, anajenga? Pwani ya mashariki ya Unguja kila msimu kuna mtu anamwaga zege, na hakuna tangazo litakalokuambia kwamba utaamshwa na mashine yake saa moja asubuhi. Halafu nauliza jenereta iko upande gani, na Jumamosi usiku kuna nini ufukweni. Haya huwa nayauliza kwa mlinzi au mhudumu wa jikoni nikimpata, maana mtu wa mauzo kazi yake ni kusema hakuna shida.

Rafiki yako hakukosea kuisifu Nungwi. Kaskazini mwa Unguja pale, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali yanapopwa, yaani yanaporudi nyuma, unaingia baharini saa yoyote ya mchana. Kwa sababu hiyo hiyo kila mtu yuko huko, na Agosti ni likizo ya Wazungu, kumejaa. Kendwa ina sherehe za usiku wa mwezi mpevu ambazo zinajulikana kisiwa kizima. Nyie mnaoukimbia muziki mngekuwa mmeufuata nyumbani kwake.

Wakati naanza kazi hii nilimpeleka kijana mmoja wa Kasulu na mkewe pwani ya mashariki ya Unguja. Nilichagua hoteli kwa picha: maji ya samawati yakigusa ngazi za baraza, minazi imeinama, kila kitu. Siku yao ya pili, saa nne asubuhi, simu ikaita. "Mzee, bahari imeondoka." Nikacheka, nikadhani anatania. Akanitumia picha: mchanga mtupu, majani, ngalawa zimelala ubavu, na huko mbali kabisa kimstari cheupe cha mawimbi. Mkewe alikuwa ameshafunga mabegi, akiamini ni ile hali ya bahari kurudi nyuma kabla ya kupiga. Kosa lilikuwa langu. Nimekulia kando ya ziwa, na ziwa letu likiwapo asubuhi litakuwapo na jioni. Bahari ina ratiba, na mimi nilikuwa sijaisoma.

Ratiba yenyewe ni hii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku vipindi husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, watu wa pwani wanaita bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Na kuna jambo la manufaa ambalo wavuvi wa Unguja wanalijua kama nyie mnavyojua saa za zamu: siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi maji yako juu na alasiri yako chini. Picha zote za matangazo zimepigwa maji yakiwa juu. Ukijua hilo, hakuna picha itakayokudanganya tena.

Na hapa ndipo kutojua kuogelea kunapokuwa heri. Pwani ya mashariki ina mwamba mrefu unaozuia mawimbi ya bahari kuu, na ndani yake kuna maji ya kina kifupi, tulivu, ambayo mtu mzima anaweza kusimama hatua nyingi toka ufukweni. Wanaojua kuogelea hulalamika kwamba ni mafupi. Nyie mtaketi ndani yake mkishikana mikono. Maji yanapopwa, mnatembea kwenye mchanga ambao saa chache zilizopita ulikuwa chini ya bahari, mnawaona akina mama wa Jambiani na Paje wakihudumia mashamba yao ya mwani. Vaeni viatu vya plastiki, kuna viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu wanaojificha kwenye mawe. Na maji yakianza kurudi, nanyi mrudi; hayaji kwa mbele tu, huingia kwenye mifereji iliyo nyuma yenu kwanza. Kama mtu wa pale akiwaambia geukeni, msimbishie.

Agosti ina kusi. Upepo huo hupiga toka kusini, na upande wa Paje ndio unaowaleta vijana wa kupeperuka juu ya maji kwa tiara kubwa. Wengine hawajui kuelekeza, na kwa mtu anayetaka utulivu wanachosha. Faida ya kusi ni kwamba hakuna mvua ya masika, joto ni la kiasi na usiku mtahitaji shuka.

Kwa hiyo mimi ningewapeleka Michamvi. Ni rasi nyembamba kusini mashariki mwa Unguja, mbele ya Paje ukielekea kaskazini. Upande wake mmoja, Pingwe, unaitazama bahari kuu, mashariki. Upande wa pili, Kae, unaitazama ghuba ya Chwaka, magharibi, na kusi haipigi kwa nguvu kwa sababu ardhi imeuziba. Kati ya pande hizo ni mwendo mfupi wa pikipiki. Ufukwe wa mashariki mwa kisiwa ambao unaliona jua likizama ni nadra, na Kae ni mmojawapo. Kuna mikoko, kuna vihoteli vidogo, na usiku kuna giza la kweli.

Kama tarehe ya ndoa bado haijachapishwa kwenye kadi, angalieni kalenda ya mwezi. Mkifika Michamvi siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu, ratiba yenu inajipanga yenyewe: asubuhi mnalala mpaka mchoke, maji hayapo hata hivyo, saa nne mnatembea nchi kavu ya bahari, alasiri maji yanajaa mlangoni. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi hutoka baharini karibu saa ile ile jua linapozama, hamwezi kuona vyote viwili. Subirini usiku unaofuata. Mwezi utachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo mnaliaga jua Kae, mnapanda pikipiki, mnaupokea mwezi Pingwe. Hakuna anayewatoza kwa hilo, na sijawahi kuliona kwenye orodha ya vivutio ya hoteli yoyote.

Mtaniuliza kuhusu visiwa vyenyewe vidogo. Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ni hifadhi ya matumbawe yenye mabanda saba tu na mnara wa taa wa mwaka 1904. Ukuta wa mbele wa chumba cha kulala unashushwa kwa kamba, mnalala mkiitazama bahari. Kwa kimya sina pa kupalinganisha. Lakini nusu ya thamani ya Chumbe iko chini ya maji, kwenye matumbawe, na nyie hamtazami huko. Mngelipa fedha nyingi kukaa juu ya paa la duka zuri. Mnemba ni ya watu wanaohesabu kwa maelfu ya dola kwa usiku, tuipungie mkono tu.

Mafia naipenda kuliko Unguja, nalisema hilo waziwazi. Hifadhi ya bahari ilianzishwa pale mwaka 1995, hoteli ni chache, nyingi ziko Utende ukiitazama ghuba ya Chole, na kwenye kisiwa cha Chole chenyewe kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini na magofu yaliyofunikwa na mizizi. Lakini msiende kwa picha za mchanga mweupe mlangoni. Sehemu kubwa ya ufukwe ni mikoko, na fungu la mchanga mnalifuata kwa boti. Jambo kubwa la Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole, na yeye huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Agosti hamtamkuta. Iwekeni kwa mwaka wa kwanza wa ndoa, na hapo katikati mjifunze kuogelea, hata kama ni kwenye bwawa la hoteli.

Najua mnashangaa kwa nini mtu wa Kigoma hajawavuta Kigoma. Treni inawatoa Tabora inawashusha mlangoni kwangu, na Agosti ndiyo saa yetu: kiangazi, anga safi, na sokwe wa Mahale wameshuka kwenye miteremko ya chini. Mahale ni hifadhi tangu 1985, haina barabara ya ndani, unafika kwa boti au ndege ndogo, misitu inashuka mpaka kwenye mchanga mweupe. Gombe iko jirani na mjini, ni ndogo tu, pale alipoanzia Jane Goodall kuchunguza sokwe mwaka 1960. Kwa mahaba, usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao ziwani na unadhani mji mwingine umezaliwa ng'ambo. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, na ziwa linabaki na mwezi peke yake.

Sababu ya kutowavuta ni mbili. Ya kwanza ni kina. Tanganyika lina mita 1,470 pale penye kina kirefu, na sehemu nyingi ardhi hukatika ghafla hatua chache toka ukingoni. Maji ni angavu kiasi kwamba unaona chini na kudhani unafika. Sehemu nyingine kuna mamba, na karibu na makazi kuna kichocho. Kwa asiyejua kuogelea ni ziwa la kutazama. Ya pili ni kwamba umesema hamjawahi kuona bahari. Mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, akapewa ziwa siku ya fungate yake, hata liwe zuri vipi, atasema asante huku moyoni anahesabu. (Na mkija siku nyingine kuona sokwe, msije na mafua ya ukumbini. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, na maharusi wengi huwa wamekauka sauti.)

Kuhusu safari na fedha. Msiondoke usiku wa sherehe. Nimewaona waliotoka ukumbini wakaingia basi, wakafika Zanzibar wamevimba miguu na wameshagombana mara mbili. Laleni Tabora siku nzima, kisha treni au basi hadi Dodoma, na kutoka hapo treni ya umeme, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu 2024, inawafikisha Dar es Salaam ndani ya saa nne hivi. Feri ni kama saa mbili. Wakati wa kusi bahari huchafuka, kaeni chini na nyuma, msile chipsi kabla ya kupanda. Bebeni vitambulisho vya taifa, nauli ya Mtanzania ni ya shilingi na ni nafuu kuliko ya mgeni. Hotelini vilevile, ulizeni bei ya mkazi kabla hamjataja fungate, kisha baada ya kukubaliana bei ndiyo mtaje fungate. Hapo ndipo maua na keki huja bure. Nakala ya cheti cha ndoa iwe kwenye begi.

Malazi yasizidi milioni mbili kwa jumla ya usiku wote saba. Nauli ya kwenda na kurudi muitenge siku hiyo hiyo mnayopokea fedha, msiiguse. Inayobaki ni chakula, pikipiki, siku moja ya boti, na kusimama kwenye msitu wa Jozani njiani kuwaona kima punju, ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Malipo ya awali yawe sehemu tu, kwa akaunti yenye jina la hoteli, na risiti. Namba ya simu ya mtu binafsi inayodai yote kwa mkupuo, iacheni iite.

Mavazi mnayajua, mmelelewa. Ufukweni mvae mpendavyo, kijijini mjifunge kanga, na mikono mshikane mkiwa kwenu.

Wazee wetu wa pwani waliita fungate kwa sababu ya siku saba, na siku saba mnazo. Kwa Michamvi ningegawa hivi: usiku mmoja Mji Mkongwe kupumzika, minne Kae, mmoja wa akiba kwa ajili ya feri na uchovu, mmoja Dar. Hoteli nitakutajia kwa simu nikishapiga kuuliza nani anajenga jirani. Kabla ya hapo niandikie tarehe kamili ya ndoa, nikuangalizie mwezi, nikuambie saa nne asubuhi ya siku yenu ya kwanza bahari itakuwa wapi.